Jumamosi mbili za baridi na kalenda ya makumbusho iliyojaa: uende kwenye lipi?

Kalenda ya makumbusho ya jamii kwa miezi ya baridi huwa imejaa kuliko watu wanavyodhani. Kuna usiku wa makumbusho, ziara za kuongozwa, mihadhara, siku ya kutambua vitu vya kale, warsha za kazi za mikono, programu za watoto wakati wa likizo, kurekodi kumbukumbu za wazee, na wito wa watu wa kujitolea. Wewe una Jumamosi mbili huru, labda na jioni moja katikati ya wiki. Nimehudhuria karibu zote hizi kwa miaka kadhaa. Nyingine nimerudia mara nyingi, nyingine mara moja ilinitosha. Hapa naziweka bega kwa bega ili ujue siku yako uipeleke wapi.

Kipimo changu ni kimoja. Baridi ikikaza, mabasi ya watalii na misafara ya shule hupungua. Mtunza makusanyo ambaye miezi ya joto hupati hata nafasi ya kumsalimia, sasa ana nusu saa ya kukaa nawe. Nusu saa hiyo ndiyo mali ya msimu huu. Basi programu nzuri ya baridi ni ile inayokuweka karibu na kitu halisi, pamoja na mtu anayekijua. Ile ambayo ingeweza kufanyika katika ukumbi wowote, mwezi wowote, iache ingoje.

Kumbuka pia kwamba baridi haiji kila mahali kwa wakati mmoja. Kaskazini ya dunia ni Desemba hadi Februari, kusini ni Juni hadi Agosti. Ukipanga kutembelea makumbusho ya nchi nyingine, anzia hapo kabla ya kununua tiketi.

Usiku wa makumbusho, au ziara ya mchana?

Usiku wa makumbusho milango hubaki wazi hadi saa za usiku, muziki unapigwa ukumbini, na watu ambao hawajawahi kukanyaga pale wanaingia kwa udadisi. Berlin ilianzisha usiku mrefu wa namna hii mwaka 1997, na miji mingi ikafuata, mpaka makumbusho madogo yenye vyumba vitatu. Naupenda kwa moyo wote. Kama una rafiki anayeamini makumbusho ni mahali pa wasomi, mpeleke usiku huo. Atakutana na majirani zake, ataona watu wa kila aina, na huenda siku nyingine akarudi mwenyewe.

Ila usiende ukitarajia kukitazama kitu chochote kwa utulivu. Utasimama nyuma ya mabega ya watu, maelezo ya ukutani hutayasoma, na mfanyakazi unayetaka kumwuliza swali atakuwa anahangaika na foleni ya mlangoni.

Ziara ya mchana wa siku ya kazi ni kinyume chake kabisa: mko sita, pengine wanane, na mwongozaji anasikia swali lako hata ukiuliza kwa sauti ndogo. Katika ziara kama hiyo ndipo nilipojua kwa nini chumba cha nguo kina giza. Miaka yote nilidhani wanabana umeme. Kumbe nguo, karatasi na picha za rangi ya maji huwekwa kwenye mwanga hafifu, kwa kawaida lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza. Rangi iliyopauka hairudi, hata taa zikizimwa mwaka mzima. Ndiyo maana nguo huoneshwa kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani na nyingine kuchukua nafasi yake. Makumbusho mengi hufanya mabadilisho hayo wakati wageni ni wachache, kwa hiyo piga simu uulize ni lini. Wiki inayofuata mabadilisho unaweza kuona vitu ambavyo havijatoka ghalani kwa miaka.

Na kama kalenda ina ziara mbili, moja ya mwongozaji wa kawaida na nyingine ya mtunza makusanyo mwenyewe, chukua ya pili. Mwongozaji anajua hadithi ya kitu. Mtunza makusanyo anajua pia kilifikaje pale, nani alikitoa, na nini hakijulikani kukihusu.

Mhadhara wa jioni, au siku ya kutambua vitu?

Mhadhara una mazuri yake. Unakaa kitini mahali penye joto, unachukua saa moja, mara nyingi ni bure, na siku hizi mingi hurushwa mtandaoni, hivyo barabara ikifungwa na theluji hukosi kitu. Kwa anayeumwa magoti au anayeishi mbali, hauna mpinzani. Wewe angalia mada tu. Mada pana kama historia nzima ya mji itakupa yale uliyokwisha kuyasikia. Mada finyu, kama daftari moja la mkunga au sababu ya mto kuhamishwa njia yake, ndiyo itakayokufanya uzungumze njia nzima ya kurudi nyumbani.

Lakini kama tarehe zikigongana, mimi huenda siku ya kutambua vitu. Hii ni siku ambayo makumbusho hukaribisha watu walete walichonacho nyumbani: chombo, picha, barua, nguo, kifaa ambacho hakuna anayejua kilifanya kazi gani. Wafanyakazi hukaa mezani na vioo vya kukuzia, wewe unapanga foleni, na zamu yako ikifika mnakitazama pamoja.

Mwaka mmoja nilibeba kisanduku cha negativu za kioo, yaani picha za zamani juu ya vioo ambazo giza na mwanga vimebadilishana nafasi, zilizokuwa za ukoo wetu. Nilitembea nacho dakika ishirini katika baridi kali, na nilipofika mezani nikataka kukifungua palepale. Mama aliyekuwa zamu akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Subiri kwanza, ndugu yangu." Nilikuwa nimeshainua ukingo mmoja. Tukaona sote ukungu ukitambaa juu ya kioo cha kwanza, kutoka pembeni kuelekea katikati. Kioo kilikuwa baridi, hewa ya ukumbini ilikuwa na joto na unyevu wa pumzi za watu, na maji yalikuwa yanatua mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu picha katika vioo vya aina hiyo imeshikwa na tabaka jembamba la jelatini, na jelatini ikilowa hulainika. Akafunga kisanduku, akakifunika kwa kitambaa, akaniambia nirudi baada ya saa moja kipate joto polepole.

Niliporudi alikiweka kioo juu ya sanduku la taa. Akanionesha namna ya kujua upande: unaong'aa ni wa kioo, ule mfifu ndio wenye picha, nao hauguswi. Nyuso zilikuwa nyeusi, nguo za giza zikang'aa, na nyuma ya watu palikuwa na bango la duka ambalo maandishi yake yalisomeka kinyume. Akakigeuza kioo. Herufi zikakaa sawa, na kwa jina lile la duka tukaujua mtaa. Hakuna mhadhara ulionipa saa kama ile.

Ukichagua siku hii, jiandae vizuri. Usisafishe kitu kabla ya kukileta, hasa usikisugue chuma au shaba kwa dawa ya kung'arisha, maana utaondoa alama ambazo mtaalamu angezisoma. Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba. Andika kwenye karatasi kilitoka kwa nani na unachokumbuka, hata kama huna hakika. Usitegemee kuambiwa bei, kwa sababu makumbusho mengi hayakadirii thamani ya fedha ya vitu vya watu, na ni vyema yasifanye hivyo. Silaha, risasi na mizinga ya zamani iache ilipo, kwani baruti ya zamani bado inaweza kulipuka. Toa taarifa kwa polisi wa eneo lako. Vitu vya pembe za ndovu vina sheria zake kila nchi, hivyo uliza kwa simu kabla ya kusafiri navyo.

Warsha: siku moja au wiki kadhaa?

Warsha ya saa mbili hukupa kitu cha kubeba nyumbani na hamu ya kujaribu tena. Warsha ya wiki nne au sita hukupa ufundi. Kama hujawahi kushika sindano au patasi, anza na ya siku moja, ujijue kwanza kabla ya kulipia ile ndefu.

Ila kabla ya kujisajili kwenye yoyote, uliza swali moja: je, kitu halisi kutoka kwenye makusanyo kitakuwepo mezani? Kama jibu ni hapana, hiyo ni warsha kama ya mahali pengine popote, na pengine mahali pengine wanaifanya vizuri zaidi. Nilihudhuria moja ya kudarizi ambapo mwalimu alileta kitambaa kilichodariziwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwa mbele maua yalikuwa ya rangi ya mchanga na majani ya kijivu, na sote tukadhani mdarizi alipenda rangi zilizopoa. Kisha akakigeuza taratibu kwa mikono miwili. Nyuma, mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika, nyuzi zilikuwa nyekundu kali na kijani kibichi, pamoja na mafundo na mahali ambapo yule mwanamke alikosea, akarudi nyuma, akaanza upya. Kuanzia hapo hakuna aliyeona haya kwa mshono wake uliopinda.

Watoto wakati wa likizo

Hapa nina uchungu kidogo. Makumbusho moja ilitangaza asubuhi "ya familia nzima", nikawapeleka watoto wawili. Tulikaa chumba cha nyuma tukikata karatasi na kubandika pambo kwa saa moja na nusu, halafu tukaaga. Hatukuona kitu kimoja cha makumbusho, na mdogo aliniuliza njiani kama vitu vilikuwa vimeibiwa.

Wazo la kwamba mtoto hujifunza kwa kushika si geni. Makumbusho ya watoto ya Brooklyn, Marekani, yalifunguliwa mwaka 1899 juu ya msingi huo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza, "Watashika nini?" Programu nzuri ina kasha la vitu vya kushikwa, vilivyotengwa kwa kazi hiyo: kufuli la zamani, pasi ya mkaa, simu ya kuzungusha namba. Kwa walio chini ya miaka mitano, dakika arobaini zinatosha. Wakubwa zaidi wapeleke kwenye michezo ya kutafuta vitu ukumbini badala ya kuwaketisha mezani. Na kwa kijana wa miaka kumi na mitatu na kuendelea, achana kabisa na programu za watoto. Mpeleke siku ya kutambua vitu akiwa amebeba kitu chake mwenyewe.

Kurekodi kumbukumbu, au siku ya kuskani picha?

Programu hizi mbili hufanana kwa nje, na makumbusho mengine huziweka siku moja. Zote zinaomba kitu kutoka kwako badala ya kukupa. Hata hivyo zinafaa watu tofauti.

Siku ya kuskani ni nyepesi. Unaleta picha, zinapigwa skani mbele yako, unarudi na zako mkononi, na nakala inabaki kwenye hifadhi. Uliza kama utapewa nakala yako ya kidijitali, na kama wanaskani kwa ubora wa angalau dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, maana chini ya hapo picha ndogo haiwezi kukuzwa vizuri. Majina ya walio pichani yaandike nyuma kwa penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Ukiwa na mikanda ya zamani ya filamu za sinema, usiibebe kabla ya kuuliza. Filamu za naitrati, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi na hazitakiwi kukaa karibu na hita.

Kurekodi kumbukumbu ni kazi nzito zaidi, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote katika kalenda, kwa sababu ndiyo isiyongoja. Kiti cha miaka mia mbili kitakuwepo mwakani. Bibi anayekumbuka kiwanda kilivyofungwa huenda asiwepo. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha ofisi yake ya historia simulizi mwaka 1948 chini ya Allan Nevins, wakihoji zaidi watu mashuhuri. Makumbusho ya jamii huhoji kondakta wa basi, mfua nguo na mlinzi wa shule, watu ambao hakuna gazeti lililowahi kuwauliza chochote.

Kama una mzee nyumbani, mchagulie hii kabla ya kujichagulia wewe. Katika baridi uliza kama wanaweza kumfuata nyumbani, maana barabara yenye barafu si ya mtu wa miaka themanini. Wakija, zima hita yenye feni na jokofu la chumba cha jirani. Sikio huzoea mvumo wao, kinasa sauti hakizoei. Saa moja hadi moja na nusu kwa kikao inatosha. Soma fomu ya ridhaa pamoja naye, mstari kwa mstari: nani atasikiliza, je, sauti itawekwa mtandaoni, je, anaweza kuomba sehemu fulani ifungwe kwa miaka kadhaa. Makumbusho makini hayatakuharakisha katika hilo. Na wewe mwanafamilia, ukiwa umekaa pembeni, jizuie kumsahihisha tarehe. Ukimkatiza mara mbili, ataanza kukuangalia wewe kila anapotaka kusema neno.

Mambo ya njiani

Vaa koti hata ndani. Hewa ya baridi ikiingia na kupashwa joto hubaki kavu sana, na ukavu huo hupasua mbao na kuinua rangi kwenye michoro, hivyo makumbusho mengi hupasha kumbi joto dogo tu. Jisajili mapema kwa warsha na kurekodi. Kwa ziara na mihadhara mara nyingi nafasi hubaki. Siku ya theluji piga simu asubuhi, kwani ukurasa wa mtandao wa makumbusho ndogo huenda usiguswe mpaka Jumatatu. Kama kuna mwenzako anayetumia kiti cha magurudumu, uliza hasa kuhusu chumba cha programu, maana lifti ya ukumbi mkuu si lazima ifike huko.

Kama una muda zaidi ya Jumamosi mbili

Kuna nafasi mbili ambazo watu huziruka kwenye kalenda kwa sababu hazionekani kama burudani. Ya kwanza ni mkutano wa kupanga maonesho yajayo, pale makumbusho yanapowaita wakazi waseme wanataka kuona nini. Huko Washington, makumbusho ya mtaa wa Anacostia yalifunguliwa mwaka 1967 katika jengo lililokuwa la sinema, na mwaka 1969 yakafanya maonesho kuhusu panya, kwa sababu panya walikuwa kero ya kila siku ya watu wa pale. Mkutano wa saa mbili jioni ya baridi unaweza kuamua ukuta mzima wa mwaka unaofuata. Watu kumi wakija, sauti yako ni moja ya kumi.

Ya pili ni kujitolea ghalani. Haimfai anayetafuta kukutana na watu wengi. Mara nyingi mko wawili au watatu, na kazi ni ya polepole. Inamfaa mtu anayeweza kukaa na kitu kimoja kwa mchana mzima. Baridi ndiyo wakati wa kuanza, kwa sababu wafanyakazi wana muda wa kukufundisha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua makoti ya sufu kutafuta nondo. Nondo mwenyewe hali nguo, walao ni viwavi wake, nao hukimbia mwanga, kwa hiyo unatafuta chini ya kola, ndani ya mikunjo, kwenye mshono wa kwapa. Nilikuwa na kurunzi, brashi laini na karatasi nyeupe iliyotandazwa chini. Koti la tatu, chini ya kola, nikaona nyuzi nyembamba kama utando, na katikati yake kitu cheupe chenye urefu usiofika sentimita moja, kikijongea. Nikamwita msimamizi. Hakushtuka. Tuliliviringisha koti kwenye plastiki, tukaziba kila upenyo kwa utepe wa gundi, likaenda kwenye friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu.

Siku ya nne lilitolewa, na nikataka kulifungua. Nikakumbuka kile kisanduku cha vioo, nikaliacha ndani ya mfuko wake mpaka kesho yake, lipate joto la chumba. Tulipolifungua lilikuwa kavu. Nikapiga brashi kola yote, nikakuta mshonaji ameandika namba ndogo kwa uzi mwekundu ndani ya shingo, namba ambayo haikuwa kwenye rejista. Ghalani hawaruhusu kalamu ya wino. Nikaiandika kwa penseli, mbele ya namba ya koti, pamoja na tarehe.